Ubao Mdogo wa Tezi: Kuunda Bapa la Usukani wa Kayaki Eldoret na Kulishusha Pwani



Neno usukani limesafiri mbali. Limetokana na Kiarabu, sukkan, likakaa vinywani mwa manahodha wa mwambao karne baada ya karne, kisha likapanda bara pamoja na magari. Leo dereva wa matatu anayeteremka kutoka Eldoret kwenda Nakuru husemwa ameshika usukani, na kiongozi aliyechaguliwa jana husemwa vivyo hivyo. Ila asili ya neno hilo ni ubao unaoning'inia tezi ya chombo, nusu yake majini na nusu hewani, ukiitikia mkono wa mtu mmoja. Juma hili tunalirejesha neno hili baharini, kwa sababu ya jambo ambalo familia zetu kadhaa zimekuwa zikilizungumza kila likizo inapokaribia.

Wengi wetu riziki imetupeleka bara. Tumo Eldoret katika biashara, katika ualimu, katika udereva na katika hospitali, nasi hurudi kwa wazee Lamu, Kilifi, Mombasa na Kwale shule zinapofungwa. Miaka hii vijana wetu wamependa kayaki, mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, ambao mtu huketi ndani yake akapiga kafi lenye mabapa mawili. Asili yake ni watu wa barafu ya kaskazini, Wainuiti, waliounda vyombo hivyo kwa mifupa, miti na ngozi za wanyama ili wawinde baharini. Kayaki ya bahari ya leo huwa na urefu wa mita 5 hivi na upana usiofika sentimita 60. Chombo hicho hakipandishwi Eldoret kwa basi. Kinachoweza kupanda ni kipimo chake, na kinachoweza kuteremka ni bapa la usukani wake, yaani ule ubao unaoshuka majini, ambao hauzidi nusu mita na huingia katika begi la nguo.

Tumeona vema tueleze namna bapa hilo linavyoundwa kwa mikono, tangu kipimo hadi jaribio. Jambo moja tunamwomba msomaji alishike tangu mwanzo: bapa jema lina sifa mbili zinazoonekana kugombana. Lazima lishupae mbele ya maji, na lazima lipishe mbele ya mwamba. Aliyeunda bapa lenye sifa moja tu kati ya hizo mbili ameunda nusu ya usukani.

Upepo wa ubavuni

Likizo ya Agosti huwakuta watu wetu katika kusi, na likizo ya Desemba huwakuta katika kaskazi. Pepo hizi mbili, moja kutoka kusini-mashariki na nyingine kutoka kaskazini-mashariki, ndizo zilizoendesha majahazi yetu kwenda na kurudi Uarabuni na Bara Hindi. Kwa kayaki ndogo zina maana nyingine. Aghalabu huivuma ubavuni mtu anapofuata pwani au anapovuka hori la bahari.

Kayaki inapokwenda mbele, omo yake hukata maji matulivu na kushikwa nayo barabara. Tezi hupita katika maji yaliyokwisha kuchafuliwa, kwa hiyo hushikwa kidogo. Upepo wa ubavuni unapovuma, omo husimama mahali pake ilhali tezi husukumwa kuelekea demani. Matokeo ni kwamba chombo hugeuka chenyewe na kuelekeza omo joshini, hata kama mwenyewe hataki. Mpigaji kafi hulazimika kupiga upande mmoja tu ili kukirejesha. Dakika 10 ni mazoezi. Saa moja ni mateso: bega huchoka, mapigo hulegea, na maji yakiwa yanakupwa mkondo humvuta kuelekea mlango wa mwamba wakati ambapo nguvu za kurudi zimekwisha.

Wazee walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Kayaki ya mnyonge tatizo lake ni kinyume: huenda joshi bila ya kuulizwa. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ya usukani wa kayaki ni kuishika tezi isikimbie, ili mikono yote miwili ipige sawasawa na chombo kiende kule mtu anakotazama. Kukata kona ni kazi ya pili. Tukilifahamu hilo, tutaelewa kwa nini bapa halihitaji kuwa kubwa.

Kwa nini Eldoret

Huenda msomaji akauliza: kwa nini usukani wa baharini uundwe katika mji ulio takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mwendo wa kilomita zipatazo 800 kutoka Mombasa? Jibu la kwanza ni kwamba ndiko tuliko, na mtoto anayetaka kujifunza kazi ya mikono hangojei likizo. Jibu la pili ni mbao. Eldoret, mji ambao wazee wa huko bado huuita Sisibo kwa kumbukumbu ya shamba namba 64, na ambao ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, umezungukwa na misitu ya kupandwa ya misonobari na misaipresi. Una viwanda vya plaiwudi, na mafundi wa jua kali wenye jiliwa, drili na mashine za kukata alumini wamejaa mitaani. Kinachohitajika kwa kazi hii ni kipande kisichozidi ukubwa wa meza ndogo, na aghalabu mabaki ya karakana hutosha.

Lakini nyanda za juu zina masharti yao, nayo ni mawili. Kwanza, mbao iliyokaushwa katika hewa ya Eldoret ikifika pwani hunyonya unyevu na kuvimba, hivyo kila upande wake, pamoja na kila tundu, lazima uzibwe kabla ya safari. Pili, usiku wa Eldoret ni baridi, na gundi ya epoksi haipendi baridi. Tutayarejea haya mahali pake.

Kipimo kabla ya msumeno

Mafundi wa Matondoni, kisiwani Lamu, husifika kwa kuunda majahazi kwa jicho, bila ya ramani ya karatasi. Jicho hilo limelelewa kwa miaka mingi. Sisi ambao hatukulelewa hivyo tutumie utepe wa kupimia.

Mwambie jamaa aliye pwani aiweke kayaki katika maji matulivu ya kiunoni, mtu mwenye uzito wa yule atakayeitumia aketi ndani, na mizigo ya kawaida iwemo. Kisha apime wima kutoka kwenye bolti ambayo bapa huzungukia hadi kwenye uso wa maji. Kipimo hiki ndicho mama wa vyote, kwa kuwa kayaki tupu huelea juu na humdanganya fundi. Apime pia upana wa nafasi iliyo kati ya mashavu mawili yanayolishika bapa, pamoja na unene wa bolti, ambayo mara nyingi ni ya milimita 8. Atume na picha za tezi kutoka pande tatu.

Sehemu inayozama majini ikiwa na urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 10 inatosha kwa kayaki ya kawaida. Ukiongeza hapo sehemu ya hewani, bapa zima hufika sentimita 45 au 50. Usishawishike kulirefusha. Nguvu ya maji juu ya bapa hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Kwa hesabu yetu, bapa la kipimo hicho likigeuzwa katika mwendo wa kilomita 5 na nusu kwa saa, ambao ni mwendo wa kafi, husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 3. Kayaki hiyo hiyo ikibebwa na wimbi kwa kilomita 14 au 15 kwa saa, nguvu hufika karibu kilo 20. Bapa refu huzidisha wenzo, na kinachong'oka si bapa peke yake bali tezi ya chombo.

Kuchagua malighafi

Zipo njia tatu, na kila moja ina heri yake na aibu yake.

Ya kwanza ni bamba la alumini lenye unene wa milimita 4. Hukatwa kwa saa moja, kingo zikaviringwa kwa tupa, na kazi ikaisha. Huzama lenyewe, kwa hiyo halihitaji kulazimishwa kushuka. Aibu yake ni kwamba likigonga jiwe hupinda, na alumini laini ya sufuria au ya mabati haifai kabisa. Iulizwe ile ya daraja la baharini.

Ya pili ni ubao mzito wa plastiki, wa aina ile inayotumiwa na wauza nyama kukatia, wenye unene wa milimita 10 au 12. Haunyonyi maji, hauozi, na ukigonga mwamba husamehe. Aibu yake ni kwamba haukubali gundi wala rangi, hunepa kidogo katika mwendo mkali, na huelea.

Ya tatu ni plaiwudi iliyovishwa nyuzi za faibaglasi kwa epoksi. Ni nyepesi, ni ngumu, na huchongeka ikawa na umbo sahihi. Aibu yake ni kwamba inataka subira, na ikipasuka ikaachwa maji huingia na kuiozesha kwa ndani. Hii ndiyo tunayoipendelea kwa familia iliyo Eldoret, kwa sababu malighafi yake iko karibu na kwa sababu kijana atajifunza mengi zaidi kwayo.

Plaiwudi isiaminiwe kwa maneno ya muuzaji. Tazama ukingo wake: tabaka ziwe zimebanana bila ya mianya. Kisha kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe katika sufuria kuukuu kwa saa kadhaa, ukiache kikauke, na urudie. Tabaka zikiachana, gundi yake ni ya ndani ya nyumba, na ubao huo ukatengenezewe kabati. Zikikaa pamoja, una ubao wa kufanyia kazi.

Kuchonga

Chukua plaiwudi ya milimita 12. Unene huo haukuchaguliwa ovyo: kwa bapa lenye upana wa sentimita 10 ni sehemu 12 kwa 100 ya upana, na uwiano unaokaribia huo umethibitika kwa muda mrefu kuwa mzuri kwa sukani na kwa mbawa vilevile. Chora umbo juu ya kadibodi kwanza, likiwa na upana wa sentimita 10 kwa juu na likipungua hadi sentimita 7 kwenye ncha, na pembe za ncha ziviringwe. Likisharidhisha macho, lihamishie kwenye ubao na ulikate kwa msumeno wa meno madogo.

Sasa piga mstari wa katikati kuzunguka ukingo wote, na mstari mwingine juu ya kila uso, sentimita 3 kutoka ukingo wa mbele. Mstari huu wa pili ndio mgongo, mahali penye unene wote. Kutoka mgongoni kwenda mbele uso uteremke kwa mviringo, mfano wa yai upande wake mnene. Kutoka mgongoni kwenda nyuma uteremke taratibu hadi ukingo ubaki na milimita 2. Usiunoe ukawa kama kisu, kwani utamegeka na utakata vidole. Na kadiri bapa linavyopungua upana, unene nao upungue, hata ncha iwe na milimita 8 au 9. Sehemu ya juu inayoingia kati ya mashavu ibaki tambarare, bila ya kuguswa na randa.

Hapa plaiwudi humfanyia fundi hisani kubwa. Unaporanda, tabaka zake hujitokeza mojamoja, na mistari ya gundi huonekana juu ya uso kama mistari ya miinuko katika ramani ya jiografia. Mistari ikiwa imenyooka na imelingana pande zote mbili, bapa limelingana. Ikipinda mahali, ndipo palipoliwa zaidi. Kijana wa miaka 13 anaweza kuisoma mistari hiyo na kujisahihisha mwenyewe, na hakuna somo la ulinganifu lililo bora kuliko hilo. Maliza kwa msasa mkali, kisha wa wastani, kisha laini.

Mtu atauliza kwa nini tusumbuke na umbo hili ilhali ubao tambarare nao hugeuza chombo. Hugeuza, lakini maji huuachia mapema. Ubao tambarare ukiinamishwa zaidi kidogo, maji huachana na mgongo wake, hufanya kizunguzungu, na usukani hugeuka kuwa breki. Bapa lililochongwa vizuri huendelea kushika katika mwinamo mkubwa zaidi, na linapokaa katikati halimlipishi mpigaji kafi ushuru wa kila pigo.

Tundu la bolti lina adabu yake. Toboa kwanza tundu kubwa la milimita 14, lijaze epoksi iliyokolezwa kwa unga wake wa kujazia, liache ligande, kisha toboa tundu la milimita 8 katikati ya hiyo epoksi. Hivyo bolti haigusi mbao kamwe, na maji hayapati mlango.

Kuvisha na kukausha

Kwa kuvisha tumia kitambaa cha faibaglasi cha gramu 200 hivi kwa mita ya mraba, tabaka mbili kila upande, na kitambaa kizunguke ukingo wa mbele bila ya kukatika, kwa sababu ndio unaogonga. Tumia epoksi, wala si ile resini ya bei rahisi ya magari na matangi, ambayo haishikani na mbao vya kutosha. Pima resini na kigumishaji kwa mizani kama alivyoandika mtengenezaji, bila ya kukisia. Changanya kidogo kidogo, kwani mchanganyiko mwingi ukiachwa katika kikombe hujichemsha wenyewe hata ukatoa moshi. Glavu ni lazima, madirisha yawe wazi, na wakati wa kupiga msasa faibaglasi iliyokauka barakoa ni lazima kwa kila aliyemo. Watoto wadogo wasiwepo.

Tulisema usiku wa Eldoret ni baridi. Epoksi iliyopakwa jioni na kuachwa barazani inaweza kubaki na utelezi asubuhi, au ikaonekana imekauka ilhali haijakomaa. Anza kazi asubuhi ili mchana wote uisaidie. Usiku liweke bapa ndani ya sanduku la kadibodi pamoja na chanzo kidogo cha joto kama balbu ya zamani ya kutoa joto, mbali na kadibodi na chini ya macho ya mtu mzima, ili joto lisishuke sana chini ya nyuzi 20. Ukiona juu yake utando kama wa mafuta, uoshe kwa maji na sifongo kabla ya msasa, la sivyo rangi haitashika. Lipe juma zima likomae.

Kisha lipe joto la pili: nyuzi 40 hadi 50 kwa saa kadhaa, katika sanduku lile lile au ndani ya gari lililoegeshwa juani. Sababu yake iko pwani. Epoksi iliyokomaa katika baridi tu hulegea inapokutana na jua la saa sita ufukweni, na bapa lililoachwa juu ya mchanga hupinda. Kwa sababu hiyo hiyo rangi ya mwisho iwe nyeupe au ya maji ya kunde isiyokolea, wala isiwe nyeusi. Rangi hiyo pia huikinga epoksi na mionzi ya jua, ambayo ni adui yake.

Kupisha mwamba

Sasa tunaifikia sifa ya pili. Bahari yetu si kina tupu. Kati ya ufuko na mwamba wa nje maji huwa haba, na katika bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hukaribia mita 4, hivyo njia iliyokuwa salama asubuhi huwa matumbawe adhuhuri. Katika mfereji wa Mkanda, na katika vijito vya mikoko vinavyoelekea magofu ya Takwa kisiwani Manda, mwenye chombo huhesabu saa za maji kabla ya kuhesabu maili. Bapa litagonga, kilichobaki ni kujua lini.

Mashua ndogo nyingi usukani wake hung'olewa kabla ya chombo kupanda mchanga. Mpigaji kafi hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa ameketi mbele na tezi iko nyuma yake mbali na mkono. Ndiyo maana bapa la kayaki hufungwa kwa bolti moja ya kuzungukia, ili likigonga liruke nyuma na juu, kisha lirudi.

Mashavu yawe mabamba mawili ya alumini au ya ule ubao wa plastiki. Kumbuka kwamba tabaka za faibaglasi zimeongeza karibu milimita 1, kwa hiyo nafasi kati ya mashavu iwe milimita 13 na nywele moja, ili bapa litembee bila ya kuchezacheza. Weka washa za nailoni pande zote mbili, na nati yenye pete ya nailoni ndani, isiyofunguka kwa mtikisiko. Bolti iwe ya chuma kisichoshika kutu, yenye alama ya A4 kichwani, ambayo huvumilia chumvi kuliko zile za kawaida. Pale chuma hicho kinapokutana na alumini tia grisi na nailoni katikati, kwa kuwa madini mawili tofauti yakikutana katika maji ya chumvi moja humla mwenziwe, na anayeliwa hapa ni alumini.

Plaiwudi huelea, hivyo bapa halitakaa chini kwa hiari yake. Lifunge kamba ya mpira inayolivuta kwenda chini, na kamba nyingine nyembamba inayofika mkononi mwa mpigaji kafi ili alipandishe atakapo. Mvuto wa mpira ndio siri ya kazi yote. Ukiwa dhaifu, bapa litapeperuka katika kila wimbi na usukani utakuwa pambo. Ukiwa mkali mno, bapa halitaruka, na pigo lote litaishia kwenye tezi. Lipime kwa mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki: ifunge kwenye ncha ya bapa na uvute kuelekea nyuma. Kilo 3 hadi 5 ndipo bapa lianze kuinuka, na hapo ni mahali pazuri pa kuanzia. Kisha pigilia ncha kwa kiganja mara 50. Likikwama hata mara moja, mashavu hayajanyooka.

Jaribio la ndoo, kisha jaribio la bahari

Eldoret haina bahari, lakini ndoo ipo. Futa gramu 35 za chumvi katika kila lita ya maji, ambacho ndicho kiasi kinachokaribia chumvi ya bahari. Pima uzito wa bapa kwa mizani ya jikoni, lizamishe kwa siku tatu chini ya jiwe, lipanguse, lipime tena. Likiongezeka zaidi ya gramu chache, kuna mahali panapovuja, na mara nyingi ni kwenye tundu au kwenye ukingo wa nyuma. Lipatikane na lizibwe huku Eldoret. Ugonjwa unaogunduliwa ndani ya ndoo ni neema.

Huko pwani jaribio la kwanza lifanywe ndani ya hori, kama la Kilifi au la Mida, asubuhi kabla upepo haujapanda, maji yakiwa yanajaa au yamesimama, na karibu na nchi kavu. Chombo cha pili kiwepo kando. Kila mtu avae jaketi la kuokolea na kulifunga, hata aliyekulia majini.

Na hapa tunasema neno zito kuliko yote. Kabla bapa halijashushwa, kijana aonyeshe kwamba anaweza kuirudisha kayaki nyumbani bapa likiwa juu, kwa kafi na kwa kuinamisha kiuno tu, upepo ukiwa ubavuni. Kamba za miguu hukatika. Mchanga huingia kati ya mashavu. Bapa liwe limeundwa vizuri namna gani, siku moja halitashuka au halitaitikia, na siku hiyo haiarifu mapema. Asiyeweza kurudi bila ya usukani asiende mahali ambapo usukani ndio tumaini lake. Mzazi asione haya kulisimamia sharti hili. Kumkatalia mtoto ufukweni ni rahisi kuliko kumngoja ufukweni baada ya magharibi.

Kabla ya kila safari, basi, iwe desturi ya nyumba: kagua kamba mbili za miguu mahali zinapopindana, pandisha na ushushe bapa mara tatu, tazama kama rangi imepasuka, tia mfukoni kipande cha kamba cha akiba na nati moja, uliza saa ya maji kujaa na kupwa, na mwachie mtu wa nchi kavu habari ya njia na saa ya kurudi. Baada ya safari, suuza kwa maji matamu na uweke bapa kivulini.

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, walisema waliotutangulia. Nyenzo hii ni ubao wenye uzito wa gramu 300 hivi, ulioota juu ya vilima vya bara na kupewa umbo na mikono ya nyumbani. Thamani yake ni kwamba aliyeuunda anaijua kila milimita yake, anajua uliposhupaa na unapopisha, na kwa sababu hiyo hatauamini kupita kiasi. Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wetu wa likizo pepo njema, na awarejeshe kwa watu wao wakiwa salama.